Baragumu Chini ya Rangi

Aliyeipaka rangi ile picha alisahau bega. Sajini Mbaruku alikuwa akiichunguza kwa kioo cha kukuzia tangu saa mbili asubuhi, chumbani mwake bomani Bagamoyo, na ilipofika saa tatu hilo ndilo jambo pekee alilokuwa na hakika nalo.

Ilikuwa picha kubwa yenye fremu ya mbao. Askari kijana amesimama wima, mikono ubavuni, kofia yake ya ukingo mpana imekunjwa upande mmoja, na juu ya mkunjo ule kuna beji ya mzinga mdogo wa shaba. Uso umepakwa hudhurungi, midomo imetiwa wekundu kidogo, na kombati ni ya kijani ambacho Mbaruku, pamoja na miaka yake mitano ya jeshi, hakupata kukiona mwilini mwa askari yeyote. Chini pameandikwa kwa wino: Mwinshehe Rajabu, Mapinga, 1942.

Kando ya picha palikuwa na karatasi mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1944. Jeshi liliarifu kwamba Mwinshehe Rajabu, askari wa mizinga, amepotea baharini pamoja na wenzake meli yao ilipopigwa na adui, na anahesabiwa amekufa. Ya pili ilifika wiki iliyopita, Aprili 1949, kutoka hospitali moja ya wagonjwa wa akili huko Kenya. Iliarifu kwamba Mwinshehe Rajabu, askari wa Keya, batalioni ya sita, yu hai. Aliletwa kutoka vitani Bama, huko Asia, na jeraha la kichwa. Hasemi. Akiitwa jina lake hageuki. Hospitali inatafuta jamaa zake, na jambo pekee lililoandikwa juu ya kwao ni Bagamoyo.

Baina ya karatasi hizo mbili palikuwa na mwanamke. Mwanamkasi binti Dadi wa Mapinga, mke wa Mwinshehe, alikuja mbele ya Liwali mwaka 1946 na picha hii mkononi. Picha ilikuwa na beji ya mzinga, karatasi ilikuwa ya askari wa mizinga, majina yalilingana. Liwali alihukumu kwamba mume amekufa. Mwanamkasi akakaa eda miezi minne na siku kumi, akaivua, na mwaka uliofuata akaolewa na mwanamume aitwaye Mrisho.

Jana Liwali alimwita Mbaruku, akafunga mlango mwenyewe.

"Yule mwanamke ana mtoto na Mrisho," alisema. "Ikiwa huyu wa hospitali ndiye mumewe, basi mimi nimemwoza mke wa mtu. Nataka kujua, na nijue kabla ya Ijumaa."

"Hana barua za mumewe? Namba yake ya jeshi?"

"Zililiwa na mchwa. Ilibaki picha."

Mwanzo Mbaruku alidhani kosa ni la hospitali. Askari waliobeba jina moja walikuwa wengi, na mtu asiyesema anaweza kupachikwa jina lolote. Lakini sasa alikuwa ameliona bega. Kwenye utepe wa bega la kushoto palikuwa na herufi tatu za shaba. Mbili zilimezwa na kivuli cha kola. Ya tatu ilijitokeza, ndogo kama punje ya mtama, na ilikuwa R. Askari wa mizinga walivaa herufi zinazoishia kwa A. Zinazoishia kwa R alizivaa Mbaruku mwenyewe, Uhabeshi na Bama, akiwa askari wa Keya, yaani K.A.R.

Askari mmoja hawezi kuwa na mzinga kichwani na Keya begani. Aliifunga picha kwa gazeti, akaipakia kwenye baiskeli.

Studio ya Mansoor ilikuwa katika mtaa wa maduka ya Wahindi, chini ya ghorofa lenye baraza ya mbao. Mzee Mansoor alikuwa ametiwa ukungu na mtoto wa jicho, haoni tena, na kazi zote sasa zilifanywa na binti yake, Bi Rubab, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye vidole vyenye madoa ya dawa za picha. Aliipokea fremu, akaiinamisha kuelekea mlangoni.

"Hii nimepaka mimi," alisema.

"Una hakika?"

"Kijani hiki kilikuwa kimebaki peke yake. Wakati wa vita rangi hazikuja, na baada ya vita hazikuja pia. Nilipaka watu wote wa jeshi kijani hiki mpaka kikaisha."

"Na mzinga huu?"

Bi Rubab aliitazama beji, akamtazama sajini.

"Bwana Sajini, nimefanya kosa?"

"Bado sijui. Uliuchora wewe?"

"Watu huomba. Huyu anataka nishani, yule anataka utepe mmoja zaidi mkononi. Makoplo wangapi wa mji huu nimewapandisha cheo mimi kwa brashi. Huyu alisema kaka yake alihamishwa, amekuwa wa mizinga, na picha ilipigwa kabla. Akanichorea kwenye karatasi ulivyo. Alichora vizuri, magurudumu na kila kitu."

"Huyu nani?"

"Mwanamume. Alivaa koti la jeshi lililong'olewa vifungo vya shaba. Mkono wake wa kulia kidole cha shahada hakipo."

Mbaruku aliandika.

"Alikuja peke yake?"

"Ndani aliingia peke yake. Nje barazani kulikuwa na mwanamke amejifunika. Sikumwona uso, wala hakusema neno."

"Picha yenyewe, ile ya 1942, mnayo?"

"Vioo vyetu hatuvitupi," Bi Rubab alisema. "Baba hakubali."

Alirudi na sanduku la bati, akapekua bahasha, akatoa bamba la kioo lenye ukubwa wa kiganja. Mbaruku alilishika pembeni na kuliinua kwenye mwanga wa dirisha. Katika kioo mambo yalikuwa yamegeuka: uso wa askari mweupe, shaba yote nyeusi. Na palipokuwa na mzinga hapakuwa na mzinga. Palikuwa na baragumu la Keya lililojikunja, na katikati yake tarakimu moja. Hakuhitaji kioo cha kukuzia. Ilikuwa sita.

"Nikusafishie nakala?" Bi Rubab aliuliza.

"Ndiyo. Isipakwe kitu."

Alisubiri nje hadi nakala ilipokauka. Mzee Mansoor alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu barazani, uso ameuelekeza mtaani.

"Umepata ulichokuja kutafuta?" mzee aliuliza.

"Nimepata, Mzee Mansoor."

"Mbona huondoki kama mtu aliyepata?"

Mbaruku alifunga mkoba wake. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyekuwa amenufaika. Mtu wa hospitali alikuwa mume wa Mwanamkasi. Basi aliyezama na meli alikuwa nani?

Aliitoa tena karatasi ya 1944 na kuisoma pale pale barazani. Kazi: mzinga. Nyumbani: Mzinga, Bagamoyo. Makarani wote waliopitisha karatasi ile walidhani mwenzao wa kambini alichoka akaandika neno moja mara mbili, kwa kuwa wilayani hakuna kijiji kiitwacho Mzinga. Mbaruku alilitamka neno lile kwa sauti, pole pole, kama ambavyo kijana angelitamka akiulizwa na karani Mzungu wewe ni mtu wa wapi. Kisha akapanda baiskeli, akashika njia ya kusini kuelekea Zinga.

Hakuuliza nyumba nyingi. Mtu wa tatu alimwelekeza kwa Bi Mize, ambaye mwanawe alikwenda vitani na hajarudi.

Alimkuta uani anasuka ukili, miguu ameinyoosha mbele. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umri, mwembamba, na mikono yake haikusimama alipoona sare ya polisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

"Starehe. Natokea bomani. Nimekuja kuuliza habari za mwanao."

"Mwinshehe," alisema. "Mwinshehe Rajabu. Ndiyo. Uliza."

"Aliingia jeshi lini?"

"Arubaini na mbili, baada ya kuvuna mpunga."

"Alikuwa askari wa nini?"

"Barua yake moja ilisomwa hapa na mwalimu. Aliandikiwa na mwenziwe, maana yeye kalamu hakuijua. Akasema anafunzwa mizinga huko Mombasa, na masikio yanamuuma kwa kishindo. Nikampikia mafuta ya nazi na kitunguu saumu ya kutia masikioni, nikampa mtu wa lori ayafikishe. Sijui kama yalifika."

"Mama, kijana wako akiulizwa kwao ni wapi, angejibuje?"

Bi Mize alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Angesema yeye Mzinga. Sisi si Wazinga?"

Mbaruku alishusha macho. Katika kazi yake alizoea kwamba jibu likipatikana, kitu fulani kifuani hulegea. Safari hii hakikulegea.

"Mama," alisema, "ninayo karatasi ya jeshi. Ilifika bomani mwaka wa arubaini na nne. Kijiji kiliandikwa vibaya, kwa hiyo haikukufikia."

Ukili ulisimama.

"Isome."

"Sehemu kubwa ni Kiingereza. Nitakwambia isemavyo."

Alimwambia. Hakupunguza wala hakuongeza. Bi Mize alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Arubaini na nne?"

"Ndiyo, mama."

"Mwaka niliompelekea mafuta." Aliuweka ukili mapajani. "Miaka mitano sijamsomea hitima. Ramadhani nikifuturu namwekea sahani, nasema labda ataingia."

Mbaruku aliirudisha karatasi mkobani.

"Nilikwenda bomani mara tano," Bi Mize aliendelea, sauti yake ile ile. "Kwa miguu. Mara ya mwisho karani wa dirishani akaniambia, mama, Mwinshehe Rajabu tunaye kwenye orodha ya waliokufa, lakini wenyewe wamekwisha kuja, ni watu wa Mapinga. Unajua nilifanya nini?"

"Sijui, mama."

"Nilifurahi. Nilirudi njia nzima namshukuru Mungu kwamba aliyekufa ni wa Mapinga."

Aliurudia ukili, akasuka mara mbili tatu, akakosea, akafumua.

"Ni nani aliyeichukua karatasi yangu?"

"Ndiko ninakokwenda sasa."

"Mwambie." Alianza hivyo, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Usimwambie kitu. Ila wewe nijibu. Mtu aliyefia baharini, anaoshwa na nani?"

"Sijui, mama. Muulize mwalimu."

"Wewe ulikuwa vitani?"

"Nilikuwa."

"Na wewe hujui," alisema Bi Mize, na hakuuliza tena.

Mbaruku alimwachia karatasi. Haikuwa halali, ilikuwa mali ya boma na kielelezo cha kesi, lakini aliitoa mkobani na kuiweka kwenye mkeka karibu na goti lake. Alipogeuka penye ua aliona bado hajaishika.

Kutoka Zinga hadi Mapinga alisukuma baiskeli zaidi kuliko kuipanda, maana mchanga wa njia ulikuwa umelegea. Adhuhuri ilikuwa imepita alipofika nyumbani kwa Mrisho, nyumba nadhifu ya udongo iliyoezekwa makuti mapya, yenye baraza iliyokandikwa vizuri. Mrisho alikuwa kwenye baraza hiyo, anatia kamba kitanda. Mtu mrefu, makini, wa miaka thelathini na mitano. Aliishikilia kamba kwa kidole gumba na kidole cha kati. Cha shahada hakikuwapo.

Walisalimiana. Mrisho akamkaribisha maji, Mbaruku akanywa, akamshukuru. Kisha akatoa nakala ya picha isiyopakwa rangi na kuiweka juu ya kitanda, mahali ambapo kamba zilikuwa zimekwisha kukaza.

"Unaijua?"

Mrisho aliinama kuitazama.

"Mwinshehe," alisema.

"Kofiani kuna nini?"

"Baragumu. Sita."

"Wewe ulikuwa batalioni gani?"

"Hiyo hiyo."

"Basi nieleze mzinga ulitoka wapi."

Mrisho aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakuangalia njia ya kukimbilia, wala hakuuliza nani amesema.

"Mwanamkasi yuko shamba," alisema. "Niseme kabla hajarudi."

"Sema."

"Tulikuwa pamoja Bama. Kombora liliangukia handaki letu. Mimi lilinichukua kidole. Yeye kichwa kilifunguka hapa." Akagusa juu ya sikio. "Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye machela. Nilimwita njia nzima. Macho yalikuwa wazi lakini hageuki. Daktari akamtazama akasema huyu hafiki asubuhi. Mimi wakanipeleka upande mwingine. Sikumwona tena."

"Ukaamua amekufa."

"Sikuamua. Nilijua. Wewe, ungekiona kichwa kile, ungesema nini?"

Mbaruku aliiweka sawa picha juu ya kamba.

"Nikarudi nyumbani arubaini na tano," Mrisho akaendelea. "Nikaja kumpa mkewe pole, kumbe hana habari yoyote. Si mke si mjane. Nikamwambia nilivyoona. Akaenda bomani, wakamwambia bila karatasi hakuna kifo. Mwaka mzima akawa anaulizwa karatasi. Siku moja nikaona orodha imebandikwa ukutani bomani, ya waliokufa ambao jamaa zao hawajapatikana. Mwinshehe Rajabu, askari wa mizinga. Karatasi ilikuwa pale. Kifo kilikuwa kweli. Kilichokosekana ni beji."

"Ukamchorea binti Mansoor."

"Nikamchorea."

"Ulikuwa umekwisha kumtaka Mwanamkasi?"

Mrisho alizungusha kamba mkononi.

"Ndiyo," alisema. "Sitakudanganya. Lakini hata nisingemtaka, ningefanya."

"Karatasi ile ilikuwa ya mtu, Mrisho. Hukujiuliza ya nani?"

"Nilijiuliza."

"Ukafanya nini?"

"Imeandikwa Mzinga. Makarani hawakuelewa. Mimi nilielewa siku ile ile." Sauti ilipungua. "Njia ya Bagamoyo inapita Zinga. Nimepita pale mara nyingi. Kila nikipita nilisema nikirudi nitauliza. Nikiuliza, karatasi inarudi kwa mwenyewe, na Mwanamkasi anarudi kuwa si mke si mjane. Sikuuliza."

"Ana mama. Anaitwa Bi Mize. Nimetoka kwake."

Mrisho aliinamisha kichwa. Mbaruku aliitoa barua ya hospitali, maana hapakuwa na namna nyingine.

"Daktari wako alikosea," alisema. "Alifika asubuhi. Yu hai. Yuko hospitali Kenya."

Kamba ilimteleza Mrisho mkononi, ikaanguka.

"Anatembea?" aliuliza.

"Barua haisemi."

"Anamjua mtu?"

"Akiitwa hageuki."

"Bado," alisema Mrisho. "Mpaka leo bado hageuki."

Hapo ndipo Mwanamkasi alipotokea nyuma ya nyumba. Alikuwa na tita la mihogo kichwani na mtoto wa kike wa mwaka na nusu mgongoni, amelala. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alitua tita, akalisimamisha ukutani kwa uangalifu, akaja na kuitazama picha iliyokuwa juu ya kitanda.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Mimi ni Sajini Mbaruku, wa bomani."

"Nimesikia." Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, uso wake mtulivu. "Anakula mwenyewe, au analishwa?"

"Sijui, bibie. Hawakuandika."

"Hawaandiki mambo yenye maana."

Mbaruku alitoa kijitabu chake. Swali lililobaki lilikuwa moja, na Liwali angeliuliza.

"Siku ulipoipeleka picha kwa Liwali, uliiona beji?"

"Mwanamkasi hakujua kitu," Mrisho aliingilia. "Niandike mimi."

"Sikukuuliza wewe."

Mwanamkasi aliligusa lile baragumu kwa ncha ya kidole.

"Alikuja likizo siku nane," alisema. "Kila asubuhi nilimsugulia hili kwa majivu na ndimu. Akasema koplo wao hukagua mpaka ndani ya mkunjo. Siku ya nane tukaenda kwa Mansoor."

"Basi ulijua mzinga si wake."

"Nilijiambia labda walimhamisha baadaye."

"Picha ilipigwa siku ile ile ulipoisugua beji."

"Ndiyo."

"Lakini ulinyamaza mbele ya Liwali."

"Liwali hakuniuliza kuhusu beji," Mwanamkasi alisema. "Aliniuliza, huyu ni mumeo? Nikasema ndiye. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilimngoja nikachoka, bwana. Nilimpenda nikachoka. Mrisho akaniambia amemwona na macho yake. Nikaona Mungu amenifungulia mlango, nisiutazame sana." Aliuondoa mkono kwenye picha. "Liwali atasemaje sasa?"

Mbaruku aliijua sheria ya ndoa kadiri mtu yeyote wa pwani aijuavyo. Angeweza kusema ngoja Ijumaa. Angeweza kusema huenda kuna njia. Alikuwa na mwanamke mbele yake anayesubiri jibu.

"Nadhani atasema ndoa hii haikuwa ndoa," alijibu. "Utakaa eda. Mtoto atabaki wa baba yake, kwa kuwa mlioana mkiamini mume amekufa. Mengine sijui. Mimi naandika tu nilichokiona."

"Usikiandike," Mrisho alisema. Hakuwa anaomba kwa nguvu. Alisema kama mtu anayetaja jambo ambalo wote wawili wanajua haliwezekani. "Sema kioo kilivunjika."

"Bi Mize anajua. Nimemwachia karatasi."

"Ungeweza kuja kwangu kwanza."

"Njia inapita Zinga," Mbaruku alisema.

Mwanamkasi alikuwa amekwisha kuingia ndani. Walimsikia akifungua sanduku, akilifunga. Alitoka na mkeka mmoja, kanga zilizofungwa furushi, na sufuria ndogo ya uji wa mtoto. Mtoto mgongoni aliamka, akamwona baba yake, akanyoosha mkono. Mrisho aliinuka kumchukua.

"Mwache," Mwanamkasi alisema kwa upole. "Ukimshika sitaondoka."

"Hukumu ni Ijumaa. Leo Jumanne."

"Nilikuwa sijui. Sasa najua. Siwezi kulala humo ndani nikijua." Akamgeukia Mbaruku. "Kwa kaka yangu ni nyumba ile ya tatu. Nitakuwa pale. Mwambie Liwali asitume mtu kunileta, nitakuja mwenyewe. Na hospitali waandikie kwamba ana jamaa. Hulalia upande wa kulia, kushoto hapati usingizi. Waandikie hilo."

"Nitaandika."

Mrisho alichukua mkeka na sufuria, akatangulia. Walivuka uwanja, yeye mbele na mwanamke nyuma hatua kumi, tayari kama watu wasiohusiana. Penye nyumba ya tatu Mrisho alisimama nje ya ua, akaviweka vitu chini, akarudi nyuma. Mwanamkasi akapita, akaviokota, akaingia. Jirani mmoja aliyekuwa akipepeta mchele alisimamisha ungo, akawatazama, akaendelea.

Mrisho alirudi barazani na kunyoosha mikono yote miwili mbele ya Mbaruku.

"Nifunge basi."

Mbaruku alikuwa na pingu mkobani. Kosa lilikuwapo, na kifungu chake kilikuwapo, kudanganya baraza la hukumu kwa kielelezo cha uongo. Lakini Liwali alimtuma kujua, hakumtuma kukamata. Amri ya kukamata ingetoka Ijumaa, au isitoke.

"Njoo bomani kesho asubuhi," alisema. "Utaandikisha maelezo."

"Na leo?"

"Leo kaa nyumbani kwako."

Mrisho aligeuka akautazama mlango. Ulikuwa wazi kama Mwanamkasi alivyouacha, na tita la mihogo lilikuwa bado limeegemea ukutani. Alikaa chini kwenye baraza, akaiokota ile kamba, akatafuta mahali alipoishia kwenye kitanda. Hakupaona. Akaanza kufumua tangu mwanzo.

Mbaruku alingoja kidogo, kama kwamba kulikuwa na jambo alilosahau kuuliza. Hapakuwa na jambo. Akachukua baiskeli yake, akaisukuma mpaka barabarani.